Gare Centrale ya Bunia Yatimiza Miaka Mitano

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa aliyeshindwa kufika kwa sababu ya majukumu ya juu zaidi. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Ufuatiliaji, pamoja na Wajumbe wa Kamati inayoifuatilia Kamati ya Ufuatiliaji. Bwana Liévin, Chef de Gare wetu, mkuu wa kituo cha treni, na filimbi yako shingoni. Wachungaji, mapadri na masheikh. Wakuu wa quartier Saio, mtaa wetu huu, na wenzao waliotoka Shari. Vijana wa pikipiki mliozima mashine zenu kwa amri ya polisi. Nanyi wananchi wote mlioitwa leo asubuhi kwenye salongo, mkaja na majembe, mapanga na fagio kwa kazi ya usafi, mkakuta badala ya kazi kuna hotuba: kila mmoja kwa cheo chake na ngazi yake, protocole yote ikiwa imezingatiwa, niruhusuni niwasalimu! (Makofi kutoka kwenye viti vya plastiki. Waliosimama juani wanakohoa.)

Mimi, Mkurugenzi Mkuu, Daktari na Mhandisi Gérard, ambaye ninyi wenyewe kwa upendo usio na shuruti mlinipa jina la Baba wa Reli (Sauti: "Nani alikupatia?"), nimesimama hapa Saio, mbele ya palissade hii, uzio wa mabati ya buluu, ambayo nyuma yake inapumua Gare Centrale ya Bunia, fahari ya Ituri.

Historia ya gare hii ni ndefu na tukufu. Mtangulizi wa mtangulizi wangu aliweka jiwe la kwanza, kisha akahamishwa. Aliyemfuata, kwa heshima ya cheo chake, aliona hawezi kuendeleza jiwe la mtu mwingine, akaweka la kwanza lake. Nami nilipoteuliwa, bila kulala usingizi, nikaweka la kwanza lililo kubwa kuliko ya kwanza yote, la marumaru, lenye jina langu kwa herufi za dhahabu, na kwa hiyo leo hii hakuna gare nyingine duniani yenye mawe ya kwanza matatu. (Makofi. Sauti ya mama: "Na ya pili?") La pili liko katika étude, yaani upembuzi yakinifu, mama. Étude inaendelea vizuri.

Ni kweli, maendeleo yalidai kwamba nyumba kadhaa zipigwe msalaba mwekundu ukutani na kubomolewa. Mama Musoki, nakuona pale mbele na jembe lako. Nyumba yako ya vyumba viwili ilikaa sawasawa katikati ya quai namba moja, yaani mahali abiria wanaposimama kungojea treni, nawe ulitoka humo na sufuria mkononi, kwa uzalendo mkubwa. (Mama Musoki: "Polisi ndio walinitosha mu nyumba kwa nguvu!") Kwa uzalendo, nimesema. Nami nilikuahidi mbele ya watu wote hawa: siku treni ya kwanza itakapoingia Bunia, siku hiyo hiyo nitakukabidhi parcelle mpya, kiwanja cha kujenga, huko Shari. (Mama Musoki: "Sikusahau, Papa. Niko nangojea.")

Sasa tuje kwenye exploitation, yaani uendeshaji. Takwimu zinazungumza zenyewe, mimi ni mdomo wao tu. Katika miaka mitano, treni zilizochelewa: sifuri. Ajali: sifuri. Mizigo iliyopotea: sifuri. Abiria waliolalamikia ugumu wa viti: sifuri. Ponctualité, yaani kufika kwa wakati, asilimia mia moja! Nitajieni gare ya Ulaya iliyofikia hapo; mimi nimezitembelea mara tatu, kwa mission ya kujifunza, pamoja na familia, na nawaambia kule treni zinachelewa hadi aibu. (Makofi. Mjumbe mmoja anaamka na kupiga makofi kwa kuchelewa.) Kila asubuhi Bwana Liévin anavaa kepi, kofia yake ya kazi, anapiga filimbi ya kuwasili, anakunywa chai, kisha anapiga filimbi ya kuondoka. Wenye roho mbaya wanasema hawasikii ngurumo. Watasikiaje? Locomotive yetu ni ya kisasa, ni silencieuse, haina kelele! Na ule moshi unaopanda kila siku nyuma ya mabati, nao ni moshi wa nini? (Kijana wa pikipiki: "Ya sombe, patron! Majani ya muhogo iko nanukia mpaka huku!" Kicheko kikubwa.) Ni technologie, kijana. Mafuta ya mimea.

Mnaniuliza kwa nini hamruhusiwi kuingia. Ni usalama wenu! Treni ikija haiangalii sura ya mtu. Vumilieni kidogo, na karibuni mihogo ya Gety itavunwa asubuhi na kuliwa Bunia mchana, ikisafiri katika wagon yenye ubaridi, katika mfumo wa mobilité intermodale intégrée. (Sauti: "Tengeneza kwanza barabara ya Gety!") Barabara ni fikra za zamani, ndugu yangu.

(Mama Musoki anainua mkono na hangoji ruhusa: "Papa Directeur, siye tumesikia. Treni inaingia, inatoka, haichelewake. Basi, parcelle yangu ya Shari iko wapi? Miaka tano niko nalala kwa shemeji, mu nyumba ya batu, bajukulu chini ya meza. Kama treni inafikaka, unipatie parcelle. Kama haifikake, unirudishie ile yangu." Watu: "Jibu! Jibu, muzee!")

Mama, swali lako ni la busara, ila linachanganya domaine mbili. Treni imefika administrativement, yaani kwenye karatasi, haijafika physiquement, kwa macho. Vivyo hivyo parcelle: administrativement umeshahamia. Hongera. (Watu wanazomea.) Polisi, hebu! Tulieni! Tunasherehekea! Gare ya Bunia! ("Oyee!" kwenye viti.) Reli! ("Oyee!" ya Bwana Liévin peke yake.) Treni! (Bwana Liévin anaangalia filimbi yake.)

Nimalizie kwa shukrani, maana mimi si mtu wa kusahau fadhila. Nawashukuru mafundi wa mabati. Nawashukuru wajumbe kwa kukubali kukaa. Namshukuru mke wangu mpendwa, ambaye kwa miaka mitano, bila reli wala treni kumsumbua, ameitunza ardhi ya gare, akalima quai namba moja na quai namba mbili, na leo alfajiri amewapikia wageni wa heshima sombe huko ndani. Nawe Mama Musoki nakushukuru kuliko wote: mke wangu anasema maharagwe hayastawi popote kama pale palipokuwa jiko lako, kwa sababu ya majivu.

(Mama Musoki anaweka jembe begani na kuelekea kwenye mabati. Majembe mengine yanamfuata.)

Asanteni! Asante... Mbona mnaondoka, wimbo wa gare bado! Salongo imefutwa, nasema imefutwa! Bwana Liévin, piga filimbi! (Bwana Liévin anavua kepi, anaiacha kwenye kiti, anaomba jembe kwa jirani. Bati la kwanza linaanguka.) Mama Musoki! Mama yangu, nakusihi, ngojeni hata wiki mbili, maharagwe hayajakomaa!