Daraja Letu Lisilo na Mwenyekiti

Mheshimiwa Mimi Mwenyewe, Mjomba Bushiri, Mwenyekiti wa Maisha wa Umoja wa Watu Wasiotaka Mwenyekiti, mtu ambaye nikipiga chafya Iringa, Mbeya nzima inaniombea afya. Dada yangu Tekla. Kasian mwenye misumari. Wazee, akina mama, wageni waalikwa ambao hawakufika, na mbuzi wote mliohudhuria: kamwene! (Kamwene! Mbuzi mmoja alia.)

Ndugu stekiholda wa Ng'ambo, falsafa yangu niliikamata mwenyewe nikiwa nimelala juu ya shehena ya mbao kutoka Mafinga hadi Igawa, nikaona malori yanapishana gizani, madereva wanawashiana taa, huyu anampisha yule, na trafiki hayupo hata wa dawa, nikajiuliza: serikali ya nini? Wasomi huiita anakizimu; mimi naiita kupishana vizuri. Siafu wana mtendaji wa kata? Msiba ukitokea hapa, kuna sheria inayowatuma kaburini? Majembe si yanatoka yenyewe? (Makofi. "Hapo umesema!")

Kwa msingi huo, na kwa kuzingatia fizibiliti stadi niliyoifanya kwa macho, nilikataa kuingoja halmashauri, nikaasisi mchakato shirikishi wa daraja la hiari juu ya mto wetu, ili mpwa wangu Lea, mwana wa dada Tekla, ambaye mimba yake imefika mwezi wa tisa, avuke kwenda hospitali kabla mvua hazijaujaza mto. Asilimia mia moja na kumi na mbili mliafiki! (Tekla: "Na daraja liko wapi, kaka?") Nakuja huko, dada, hotuba ina ngazi zake.

Jumamosi tuliitana mgowe, kama babu zetu: kazi ya pamoja kwanza, ulanzi, pombe yetu ya mianzi, baadaye. Mbao zilifika. Kasian alifika. Ulanzi wa Paskalina ulifika mapema kuliko wote. Mtu akauliza, "Tuonje?" Sasa, waheshimiwa, nani angekataza? Mimi niliyekataa kutawaliwa nimtawale mwenzangu juu ya kikombe? Nikatamka kwamba kila mtu aamue kwa uhuru wake. Mkaamua. Nami niliamua mara nyingi tu. (Vicheko virefu.)

(Lea, ameshika kiuno: "Mjomba, mtoto huyu hatangoja uhuru wenu!")

(Kasian asimama: "Basi kesho asubuhi, jamani. Paskalina aufiche ulanzi mpaka ubao wa mwisho upigwe msumari." Mikono yote juu.)

Mmeona? Hakuna aliyeamrisha, hakuna aliyegonga muhuri, na mto utavukika! Ndicho nilichokuwa nasema tangu mwanzo, ila kwa maneno makubwa. Hiari! ("Juu!") Mwenyekiti! ("Hatumtaki!") Hata mimi? ("Hasa wewe!")

Basi nawashukuru kwa kujitokeza kwa wingi katika uzinduzi wa daraja hili la kisasa, ambalo, kwa taarifa zilizohakikiwa, halina hata nguzo moja. Na kama kuna aliyeshangaa suruali ya mgeni rasmi kuwa kavu, ukweli ni kwamba naogopa maji yakipita magoti. Nimevushwa leo mgongoni, nimefumba macho. Dada Tekla, jua linazama. Kwa hiari yako, inama.