Machipukizi Marefu Kuliko ya Filemon

Jumatatu, 5 Machi 1951. Kirua Vunjo.
Baba mkubwa Ndelilio ametangaza. Kipande chake cha shamba kando ya mfereji atampa mwenye viazi vya mbegu vilivyochipua vizuri zaidi. Atakagua Jumapili ya Matawi, baada ya misa. Tunaogombea ni wawili: mimi na Filemon, mtoto wa baba mdogo. Nikikosa, narudi kukata mkonge. Sirudi! Makovu ninayo bado mikononi. Na Kornelia ana mimba ya miezi sita, shamba hatuna.

Jumatano, 7 Machi.
Nimechungulia kwa Filemon. Kavitandaza kibarazani, mwangani, kila mpita njia avione! Machipukizi mafupi, ya kijani, kama chunjua. Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Vyangu nimevificha ndani ya pipa, chini ya magunia na blanketi. Kornelia kasema viazi vinataka mwanga. Eti kwa kuwa amelima viazi tangu usichana wake, ndiyo anajua! Nimemwambia mbegu aniachie mimi. Akaondoka zake. Nimemshinda.

Jumatatu, 12 Machi.
Yesu na Maria! Machipukizi ya shubiri nzima! Meupe, laini. Filemon kwisha habari yake. Nimempitia kwake, nikamwuliza kwa upole kama anaijua njia ya kwenda mkongeni.

Jumapili ya Matawi, 18 Machi.
Aibu, aibu, aibu. Nimebeba kapu begani kwenye ule mteremko wote. Nikaamkia shikamoo, nikafunua. Machipukizi yote yamekatika! Baba mkubwa akauliza kwa nini nimemletea minyoo. Filemon akajifanya anakohoa. Nilitamani ardhi inimeze.
Hapo Kornelia akasogea. Akasema kuna kapu jingine nyumbani, alilitenga mwenyewe dirishani. Mbona sikuambiwa? Baba mkubwa amekubali kuja kuliona kesho saa kumi, ndipo aamue. Zaidi ya hapo hangoji, mawingu yameshashuka.

Jumatatu, 19 Machi.
Kornelia yuko sokoni. Nimeliona hilo kapu. Masikini mke wangu! Machipukizi mafupi, magumu, sawasawa na ya Filemon. Atatuaibisha tena.
Nimepata akili. Mbegu za mahindi tunaziweka juu ya moto jikoni, hazijaharibika hata siku moja. Kinachotakiwa ni joto! Nimelitundika kapu lote pale pale, chini kidogo ya mahindi, nikaongeza magogo matatu. Kornelia hajui. Atanishukuru mwenyewe.
Sasa saa tisa. Mambo yanakwenda vizuri. Viazi vimeanza hata kunukia.