Kibali cha Kuivisha Chapati

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, mtaa kwa mtaa, Masasi nzima: kuanzia Jumatatu, hakuna chakula kitakachobadilika bila kibali. Kitengo cha Udhibiti wa Mabadiliko ya Vyakula kilikuwa kimezaliwa, na Bwana Cecil, afisa wake wa kwanza na wa pekee chini ya Mkurugenzi, alipiga pasi suruali mara mbili.

Jumatatu asubuhi alimkuta Hajira, muuza chapati, kibandani kwake mtaa wa Mkomaindo, kikaango kikifuka moshi.

"Shikamoo, Mama Shamila. Zima jiko."

"Marahaba, baba. Kuna nini tena?"

Cecil alieleza kwa upole. Samli ikiyeyuka, ikipoa huganda tena: hayo ni mabadiliko ya kiumbo, ruksa. Lakini chapati ikishaiva hairudi kuwa unga. Hayo ni ya kikemikali, na jambo lisilorudi nyuma haliwezi kuachiwa mwananchi wa kawaida. Kibali husubiriwa siku kumi na nne, kwa saini ya Mkurugenzi wa Kitengo.

"Na wanangu watakula nini siku zote hizo?"

"Chochote kisichoiva."

Hajira alimtazama kama anayetazama ugali mbichi. Akazima jiko, akajaza fomu. Moyo ulimuuma Cecil kidogo, lakini aliandika: *Ushirikiano mzuri.*

Alhamisi Mkurugenzi alikuja uwanjani kuzindua kampeni ya Kitengo. Cecil, kwa huruma, alikuwa amempa Hajira kazi ya kulisha wageni. Hotuba zilikula saa nne nzima. Mkurugenzi alipofunua hotpoti, alikuta madonge ya unga uliokandwa. Bakuli la pili, mayai mabichi. La tatu, samli, imeyeyuka vizuri sana.

"Hiki nini?"

"Kiumbo kitupu, mheshimiwa," Hajira alijibu. "Ombi langu la kibali liko mezani kwako."

Mkurugenzi akamgeukia Cecil. "Mwambie apike!"

"Zimebaki siku kumi na moja, mkuu."

Tumbo la Mkurugenzi lilinguruma karibu na kipaza sauti. Uwanja mzima ukasikia.

"Basi napika mwenyewe!"

Alivua koti, akapiga magoti mbele ya jiko la Hajira, akapuliza mkaa hadi machozi yakamtoka. Harufu ya chapati ya kwanza ilipopanda, watu wakapanga foleni.

"Bosi, mimi mbili, na yai!"

Cecil alisimama, daftari wazi. Mwishowe akalifunga, akachukua sahani, akajipanga nyuma ya wenzake.

Hajira alikuwa ameketi kwenye kiti cha mgeni rasmi, miguu ameinyoosha.

"Geuza hiyo, baba, inaungua."

"Ndiyo, mama," akajibu Mkurugenzi, akageuza.