Kuhusu Ukoko Mweupe wa Masufuria ya Shughuli, Chiola

Stoo ya Masufuria,
Kikundi cha Kufaana,
Chiola, Nachingwea.

Ndugu Mhariri wa Kipindi cha Sayansi,

Salaam nyingi. Mimi ni msikilizaji wako wa siku nyingi na mtu niliyetembea: Lubumbashi nimefika, Beira nimekaa miezi tisa, na darasa la saba niliishia la sita kwa sababu ambazo si za barua hii. Mwaka wa kumi na moja sasa nashika ufunguo wa stoo ya masufuria ya shughuli. Iwe harusi, iwe arobaini, hakuna anayekula pilau hapa kabla sijafungua mlango. Hata asiye mwanachama akifiwa nampa, na mchango simuulizi.

Sasa mwenyekiti wetu, Bi Zuhra, ameingia stoo akakuta masufuria kumi na manne ya alumini yameota ukoko mweupe. Akasema mbele ya akina mama wote kwamba hata kuku angeyatunza vizuri kuliko mimi, maana kuku angeyalalia yakakauka. Jumapili kuna kikao cha kuninyang'anya ufunguo. Ndipo nikasikia kipindi chako, nikapona. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulisema mwenyewe kwamba huko kwa wakubwa kuna vyuma vya nishati vilivyokwisha kazi kwenye vinu vya nyuklia, vilivyovishwa alumini. Vilikaa majini miaka, alumini ikaota ukoko. Ukoko ukashika maji, na hata wakivikausha kwa joto kali, maji mengine yanagoma kutoka. Wakivifungia kwenye mitungi ya chuma, mionzi inayapasua yale maji na gesi ya haidrojeni inajikusanya humo. Ndugu Mhariri, hao ni watu wa makoti meupe na digrii tatu tatu, na ukoko unawasumbua. Sijasikia aliyenyang'anywa ufunguo. Sembuse mimi, mwenye kitasa kimoja na paa linalovuja?

2. Nimelinganisha matokeo. Nimetega sikio kwenye kila mfuniko dakika kumi kumi, gesi sikuisikia. Ile sufuria kubwa ya kilo hamsini za mchele nililala nimeikumbatia adhuhuri nzima, nikaamka salama, njaa tu. Ukihesabu sawasawa, stoo yangu imewapita.

3. Filbert, anayeyeyusha alumini na kusubu masufuria huko Ruangwa, nilimpelekea moja kwa bodaboda ili aandike ushahidi. Akanijibu kwamba yeye anauza masufuria mapya, ukoko ndio unaomlisha, haandiki kitu. Naomba ahojiwe.

4. Kwa hiyo, kabla ya Jumapili, tangaza kwa sauti nzito kwamba ukoko wa alumini ni suala la dunia, si la Jamali. Wataalamu wale waje Chiola wajifunze. Chakula juu yangu, ila mitungi yao waiache Ruangwa kwa Filbert. Na stoo ipewe kibao cha utafiti, Bi Zuhra akitaka kuingia avue viatu.

Wasalimie wote hapo studio, na yule dada wa utabiri wa hali ya hewa mwambie mvua yake ya Alhamisi bado haijafika huku.

Wako katika sayansi na vyombo,
Jamali Mkwinda,
Mshika Ufunguo (hadi Jumapili).

N.B. Usiisome hewani; hayo ya juu niliyaandika jana. Masufuria hayo mara ya mwisho yalitumika kwenye arobaini ya rafiki yangu Masoudi. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akiyafuta maji, mimi napanga na kupiga domo. Siku ile nilikuwa peke yangu. Nikayatazama yanavyochuruzika, nikayarundika hivyo hivyo na maji yake, nikafunga mlango, nikaenda zangu. Sayansi haikuwemo. Leo asubuhi nimempelekea Bi Zuhra ufunguo mwenyewe na kumweleza. Amenirudishia. Amesema Jumapili hakuna kikao, kuna kusugua. Yeye atafuta, mimi nipange, na domo nimeruhusiwa.