Lyamba Si Fundi

Jumatatu, 7 Agosti 1978

Nimeitwa fundi mara nne leo, na saa nne ya asubuhi ilikuwa bado haijafika. Nne!

Ya kwanza: Mama Mwanahija, jirani, muuza maandazi. Kaniletea suruali ya mumewe imepasuka makalioni. Eti kasikia serikali imeleta fundi Mpanda. Nikamweleza mimi ni mhandisi wa maji, nimetoka Chuo Kikuu mwaka jana. Akasema haya, basi nisimshonee leo, nimshonee kesho. Kaiacha suruali mlangoni.

Ya pili: mzee wa Kabungu aliyeibiwa kuku. Alitaka nimtazamie mwizi. Kwao mganga naye ni fundi! Nimemfukuza. Kaondoka anawaambia watu kwamba fundi mkali ndiye mwenye dawa kali.

Ya tatu: tarishi wa ofisini. Ndugu Fundi, chai hiyo.

Ya nne ndiyo imeniuma, maana ni Bwana Halfani mwenyewe, mkuu wa ofisi yetu ya maji. Kaniita kwa sauti koridoni, fundi wangu njoo. Nimeingia nimevimba. Kumbe habari njema. Kuna nafasi Ulaya ya kusomea shahada ya pili ya uhandisi, miaka miwili. Nafasi ni moja, nchi nzima. Anataka jibu kabla ya Ijumaa, naomba au siombi.

Miaka miwili! Na baridi! Na Theopista je? Theopista ni mchumba wangu, anafundisha darasa la tatu. Baba yake alishaniuliza kama hiyo shule yangu ina mwisho. Sijui niende au nibaki. Kichwa kinaniuma, na suruali ya watu bado iko mlangoni.

Jumanne, 8 Agosti

Nimeamua. Sitakwenda.

Sababu ni Alois. Fundi Alois ana elimu ya darasa la nne, spana kaijulia mgodini zamani kabla mgodi haujafungwa. Anaitambua kila pampu ya wilaya hii kwa mlio. Wanavijiji wakimwona wanapiga vigelegele. Wakiniona mimi wanauliza Alois yuko wapi. Na mimi ndiye mkubwa wake!

Leo kaja kunipa pongezi. Mikono miwili, heshima tele. Kasema niende tu nikasome, nisiwe na wasiwasi hata kidogo, pampu zitakuwa salama. Salama! Bila mimi! Kwa hiyo anangojea niondoke. Basi siendi ng'o. Atangoja sana.

Jioni nimemwambia Theopista nabaki. Akafurahi. Halafu akauliza sababu, nikamweleza. Furaha ikakatika. Akaniuliza kama mimi nataka kusoma au nataka kuitwa. Swali gani hilo la kumuuliza mtu mzima? Nimetoka kwao kwa hasira mpaka nimesahau kofia.

Jumatano, 9 Agosti

Nimejichorea ubao. Herufi nyeusi, nimeupigilia mlangoni jana kabla jua halijazama: MHANDISI P. LYAMBA. Watu wasome wenyewe, nisichoshe mdomo.

Asubuhi nimefungua mlango, nakuta foleni. Watu kama ishirini, wana vikapu. Moyo umenijaa. Nikasema leo wamenitambua! Mtu wa mbele akaniuliza Mhindi anafungua saa ngapi.

Rangi ilikuwa imechuruzika. Herufi za katikati zimeungana, wamesoma MHINDI. Na sukari haijaonekana mjini wiki ya tatu sasa. Nikawaambia hakuna Mhindi, hakuna duka, hakuna sukari. Wakasema ndivyo walanguzi wanavyosema siku zote. Balozi wa nyumba kumi kaitwa. Kaingia, kapiga magoti, kakagua uvungu wa kitanda changu mbele ya umma. Katoa vitabu vya hesabu na suruali ya mume wa Mama Mwanahija. Mama Mwanahija alikuwepo. Kalalamika kwa sauti kwamba hii siku ya tatu, sindano haijagusa.

Nimeamua upya. Nakwenda Ulaya! Nikirudi na shahada ya pili nione nani atathubutu.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimemwambia Bwana Halfani naomba. Kafurahi sana. Kasema barua ya kunipendekeza alishaiandika, ilikwenda Dar na treni ya jana, alijua nitakubali tu. Nikashukuru. Alipotoka nikafungua faili nikasoma nakala.

Mstari wa kwanza: Ndugu Lyamba ni fundi kweli kweli.

Nimeusoma tena. Yaani makao makuu, mbele ya wakubwa, kwa mashine ya kuandikia, na muhuri juu yake! Bwana Halfani ni mtu wa Ujiji, anadhani hiyo ni sifa. Kaniua.

Lakini Lyamba hafi kijinga. Nimekwenda posta mbio kupiga telegramu makao makuu. Maneno ishirini na sita, yamepangika vizuri, yanaeleza tofauti ya fundi na mhandisi. Karani, dada mmoja anaitwa Rabia, kasema laini inakatika ovyo leo, ujumbe mrefu haufiki, nifupishe. Nikafupisha yakawa kumi na mbili. Kasema bado. Nikafupisha yakawa saba. Kasema kaka, fupisha. Mwishowe yamebaki matatu: LYAMBA SI FUNDI.

Inatosha. Mwenye akili ataelewa. Na sikuweka jina langu, ili ionekane imetoka kwa mtu mzito. Rabia kaniuliza mara mbili kama nina hakika. Wivu tu.

Jumapili, 13 Agosti

Baada ya misa Theopista kanirudishia kofia. Kasema ameifikiria safari yangu. Kama nakwenda kujifunza, atanisubiri miaka miwili, na baba yake, yeye mwenyewe atazungumza naye. Kama nakwenda ili nikirudi niitwe vizuri, hatanisubiri hata wiki mbili.

Nikamjibu kwamba nakwenda kwa ajili ya taifa. Kacheka mpaka kashika ukuta wa kanisa. Nimeumia. Nampenda huyu mwanamke, ila kucheka kwake kunanikata maini.

Jumatatu, 21 Agosti

Mambo yamekaribia. Mkubwa wa makao makuu anakuja na treni ya Jumatano. Ndiye atakayeamua nani aende Ulaya. Anataka kuniona kazini, niwashe pampu mpya ya Kabungu niliyoichora mimi mwenyewe, injini tu ndiyo ile ya zamani. Bwana Halfani ameitwa mkutanoni Sumbawanga, kaniachia kila kitu. Kasema fundi wangu usiniangushe. Nimemeza.

Tatizo ni lile lile. Kabungu wakimwona Alois wataimba jina lake, mimi nitabaki kama mbeba spana. Nimewaza mchana kutwa, nimepata. Nimemtuma Alois Kibaoni, kwetu, akakague bomba. Kibaoni hakuna bomba la kukagua. Lakini mwendo ni mrefu, lori la mpunga ni la polepole, na ndorobo, wale mbung'o wa njia hiyo, watamshughulisha.

Hakubisha. Alipopanda lori kaanza kunieleza kwamba injini ya Kabungu ina tabia ya kuvuta hewa, na ikikohoa nilegeze nati fulani. Nikamkatiza. Mimi nimezisoma injini kwa hesabu! Sikumsikiliza mpaka mwisho.

Jumatano, 23 Agosti

Nimesimama stesheni tangu asubuhi, shati jeupe, tai. Treni imechelewa kwa saa sita. Nilikuwa natafuta mtu wa suti na mkoba wa ngozi. Wameshuka kina mama na vikapu, warina asali na madebe yao, na mzee mfupi wa kaki iliyopauka, begani mfuko wa spana. Kanijia moja kwa moja. Kanisalimia, kasema yeye ni fundi Apolinari, katoka makao makuu.

Damu imenipanda! Nangoja mkubwa, wananiletea fundi mwingine! Mkubwa mwenyewe nadhani atakuja kesho na gari la mkoa. Sikuwa na muda wa kuuliza. Nimemwelekeza mzee akae nyuma ya Landrova na mapipa ya dizeli. Kasema asante. Kaniuliza mimi nani. Nikamwambia Mhandisi Lyamba, na neno lenyewe alitamke lote. Kalitamka lote.

Nimempa stoo alale.

Alhamisi, 24 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu nikinyamaza nitapasuka.

Tumefika Kabungu saa tatu. Gari la mkoa halijaja, lakini kijiji kizima kimejipanga na ndoo. Nikasema niwashe tu, mkubwa akifika ayakute maji yanatoka. Nimetoa hotuba. Nimezungusha mpini. Injini ikakohoa, ikazima. Nikazungusha tena. Ikakohoa, ikazima. Mara ya tatu haikukohoa.

Nimekunjua michoro juu ya nyasi. Michoro iko sawa! Watu wakaanza kupiga kelele mwiteni fundi, mwiteni Alois. Nikawajibu Alois yuko Kibaoni na mimi ni mhandisi. Bibi Verdiana, bibi wa pale kijijini, kanisogelea taratibu. Kasema mjukuu wangu, Alois huwa analegeza kile kinati cha juu, kinatema povu, halafu anakikaza. Nikamwambia jambo hilo halimo kitabuni. Mzee Apolinari naye kaomba ashike. Nikamkatalia, nikasema hii si kazi ya mafundi.

Watu wakaanza kuondoka na ndoo tupu. Bibi Verdiana kabaki. Hakunitukana. Kasema tu kwamba mtoni ni mbali, na miguu yake si ya zamani. Hapo niliona aibu, nakiri. Aibu yenyewe haikukaa, ikageuka hasira. Nimeitupa spana majanini, nikaenda kukaa juu ya jiwe, nimewapa mgongo.

Mzee kaiokota. Kalegeza nati. Povu. Kakaza. Kazungusha mpini mara moja.

Maji! Maji yameruka, watu wamerudi mbio, vigelegele, wanacheza kwenye tope, fundi, fundi! Bibi Verdiana kaloa mwili mzima, anacheka kama msichana. Na mimi nilitaka kucheka. Nilijizuia.

Halafu mzee kafuta mikono kwenye suruali, kaja kukaa na mimi pale kwenye jiwe. Kasema mkubwa ninayemngoja ni yeye. Ni Daktari Apolinari. Shahada ya tatu, ya hizi hizi pampu! Miaka yote anajiita fundi, kwa sababu ndivyo bwana aliyemfundisha kazi alivyokuwa akiitwa, na hajapata jina kubwa kuliko hilo.

Nililala mkubwa wangu kwenye stoo! Yaani nilimlaza. Hata kuandika sasa nakosea.

Kasema maombi anayo kumi na moja mezani. Kumi yanamsifu mwombaji kuwa mhandisi mwenye alama nzuri. Barua ya Halfani peke yake ilisema fundi kweli kweli, ndiyo sababu jina langu alilitanguliza. Alikuwa karibu kutia sahihi bila kuniona. Kisha katoa karatasi katika mfuko wa shati, kaikunjua. LYAMBA SI FUNDI. Alidhani ni fitina za mtu. Kasafiri kutoka Dar mpaka Mpanda kuhakikisha kwamba nimesingiziwa.

Sasa ameona, anasema, telegramu ilisema kweli. Kaniuliza kama namjua aliyeipeleka. Nikasema simjui. Kasema yeyote yule, ananifahamu vizuri.

Jumatatu, 18 Septemba

Barua imefika. Ombi la Ndugu Lyamba limewekwa kando kwa miaka miwili. Katika muda huo afanye kazi chini ya Fundi Alois. Alois akiridhika, ombi litafikiriwa tena, na nafasi ipo. Chini ya! Wameandika chini ya!

Alois uso bado una mabaka ya ndorobo. Angenicheka ningempiga, lakini hakunicheka. Kanishika mkono, kasema kesho saa kumi na mbili, Kabungu, nije na nguo za kazi. Theopista kaja na nguo zenyewe, kazishona mwenyewe. Suruali ya mume wa Mama Mwanahija kaishona pia, kairudisha. Kasema miaka miwili si mingi, atanisubiri, na kwamba barua hii ni bahati ambayo watu hawaipati mara mbili. Bahati! Mwanamke huyu hajui kusoma barua.

Mimi nimeisoma mara tisa na nimeliona jambo ambalo wote wamelipita. Apolinari anavaa kaki mbovu na anabeba spana, lakini watu wanasimama akiingia. Kwa nini? Ni Daktari! Sasa hii shahada ya pili ni ya nini? Nairuka! Naomba ya tatu moja kwa moja. Barua nimeshaandika, kurasa sita. Na ubao nimeupaka upya leo leo, watu waanze kuzoea mapema: DAKTARI P. LYAMBA. Safari hii rangi haikuchuruzika. Inasomeka mpaka stesheni.

Jumanne, 19 Septemba

Foleni imefika sokoni.

Watoto wenye kikohozi. Mzee wa kuku, sasa anaumwa jino. Bibi Verdiana katoka Kabungu kwa miguu, kaleta magoti yake. Mama Mwanahija kamleta mume, ana jipu makalioni, na suruali ileile kaishusha kabla sijasema neno. Nimewapigia kelele kwamba mimi si daktari wa watu! Wakashauriana. Mmoja kauliza kwa adabu kama basi ni wa ng'ombe, maana naye anaye, kamfunga pale nje.

Alois ananingoja Kabungu tangu saa kumi na mbili. Angoje! Hapa kuna jambo la dharura. Rangi nyeusi imebaki kidogo. Nataka kuongeza chini ya jina langu kwamba udaktari huu ni wa pampu, haujafika bado, na hauhusiani na magoti wala majipu. Nimepima. Ubao hautoshi.

Itabidi nifupishe. Mwenye akili ataelewa.