Nta ya Baraza Yaingia Barabarani

Jumatatu, 9 Juni
Baridi ya kukata masikio. Lami inaganda kabla rola haijapita. Seipati wa maabara akaitia punje za nta. Ikalainika kama uji, na moto wenyewe mdogo! Bosi, Ntate Makhetha, akamsifu mbele ya kikosi kizima. Mimi, miaka kumi na tisa nashika koleo, sijasifiwa hata siku moja. Roho iliniuma! Tena akatangaza: unyapara u wazi, atapewa anayeijua nta. Nikadakia kwamba naijua tangu utotoni. Seipati akauliza ni nta gani hiyo, Ntate Tshediso, ya masikioni? Wakacheka. Watanikoma! Nimepewa kipande cha Mtaa wa Phomolong, nitandaze lami Alhamisi.

Jumanne, 10 Juni
Seipati anasema nta yake haitolewi bila vipimo. Abaki nayo! Kila nyumba hapa ina kopo la nta nyekundu ya kung'arishia baraza. Mama mkwe hupiga magoti na kopo hilo kila Jumamosi, na baraza lake halijapata ufa. Utafiti umekwisha. Nimenunua makopo mia.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemimina yote kwenye lami kabla Seipati hajafika. Rola ikapita mara mbili. Mara ya tatu ikapita bila dereva kutaka. Kufika saa nne, barabara ina rangi ya maini, inang'aa, unaona meno yako. Ntate Makhetha akashika kichwa kwa mikono miwili. Furaha hiyo.

Ijumaa, 13 Juni
Balaa! Majirani wanavua viatu kandoni, wanavuka na soksi. Mama mkwe kasimama katikati na tambara, anamfokea dereva wa lori la makaa: kwao hawakumfunza? Atakanyagaje sakafu ya watu na matairi machafu? Dereva akaomba radhi, akafunga breki. Lori halikusikia. Likateleza polepole hadi mtaroni, likaenda na gari la Ntate Makhetha lililoegeshwa kando. Seipati akaeleza kwamba nta ya kiwandani hukaza lami ikipoa; yangu hung'arisha tu. Wivu!

Unyapara kapewa yeye.

Jumanne, 17 Juni
Nimeshushwa. Nashika bendera, nasimamisha magari. Seipati akapita, akanisihi kwa upole nijifunze. Nimejifunza. Nimewaza kutwa nzima, kosa nimeliona: rangi! Lami ni nyeusi, nani alinituma nitie nyekundu? Nimeshaagiza dawa ya viatu.