Chumba Changu Kinasema Uongo

Jumatatu, 3 Machi

Dada kaja asubuhi, mtandio shingoni na joto lote hili. Nikajua kuna jambo. Akaufungua. Ule uvimbe tuliouona mdogo mwaka jana sasa umejaa kama limau. Daktari amesema Jumatano ya wiki ijayo wanautoa. Akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeagiza sabuni, kwamba mshipa wa sauti unapita palepale. Huenda sauti ikabaki kama ilivyo. Huenda ikabadilika. Huenda isirudi.

Huyu ndiye dada yangu mkubwa. Kwetu hakuna aliyeoa, aliyeolewa wala aliyezikwa bila yeye kuimba. Sasa anataka kurekodi wimbo mmoja tu, ule aliomtungia marehemu mama, ili wanawe wabaki nao. Akaniuliza: "Mdogo wangu, nije kesho?"

Nikamwambia kesho haiwezekani.

Sababu ninayo, tena ya kitaalamu. Studio yangu ina vyumba viwili. Kimoja cha kuimbia, hicho hakina neno. Kingine ni cha mitambo, ndimo ninamokaa mimi na spika zangu kusikiliza na kuamua. Hiki ndicho mwongo. Besi, ile sauti nzito ya chini, inajazana humo kama maji kwenye beseni. Mimi nikiisikia imezidi, naipunguza. Wimbo ukitoka nje, kwenye gari au redio ya mtu, hauna besi kabisa, unalia kama mbu. Bendi ya mwisho niliyoirekodi haijanisalimia tangu hapo.

Mke wangu akasema nimrekodi wifi yake kwanza, chumba nitengeneze baadaye. Nikamweleza kuwa huwezi kumpeleka mtu mbele ya hakimu kiziwi. Akauliza hakimu ni nani. Nikayafunga mazungumzo.

Sauti ya mwisho ya dada yangu itasikilizwa kwenye chumba kilichokamilika. Nimekata shauri.

Jumanne, 4 Machi

Trei za mayai! Kila studio niliyowahi kuiona pichani ina ukuta wenye matuta matuta. Nimezizoa zote kwa muuza mayai, nikapaka gundi, nikabandika kuanzia sakafuni mpaka kichwa kilipofika. Kazi ya kutwa nzima. Mgongo umekufa.

Nikapiga kofi katikati ya chumba. Mwangwi umekwisha! Nikaruka kwa furaha. Kisha nikawasha spika. Besi iko vilevile, imekaa kwenye kona kama mgeni asiyeaga.

Zaidi ya hapo, trei zilikuwa na mabaki ya mayai yaliyopasukia humo. Kuna harufu. Kuna sisimizi pia, wengi, wanapanda ukuta kwa mstari ulionyooka kunishinda mimi. Mke wangu kachungulia, akasema sasa kilichobaki ni jogoo.

Dada kapiga simu. Nikamwambia Alhamisi bila kukosa.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kupeleleza kwa Sikio.

Sikio ana studio juu ya duka la mshonaji, mtaa wa pili. Aliwahi kujifunza kazi kwangu. Yeye hulisimulia jambo hili kwa heshima, mimi kwa uchungu. Nyimbo zake zinasikika vizuri kila mahali. Hata kinyozi wangu anazipiga. Nimefikiria kubadilisha kinyozi.

Nikajifanya naazima waya. Ndani alikuwepo mzee mmoja mwenye miwani akirekodi tangazo la mazishi la redio. Sikio alipotoka kuutafuta waya, nikapata nafasi. Nikapiga kofi kona ya kwanza. Nikasikiliza. Nikapiga kona ya pili. Yule mzee upande wa pili wa kioo akaacha kusoma, akanitazama kwa macho mekundu. Nilikuwa namshangilia maiti wake.

Sikio akarudi, akamwomba radhi kwa niaba yangu (hakuna aliyemtuma), halafu akaniuliza kama bado nasumbuliwa na besi. Bila hata kumhoji akamwaga yote: spika zangu nimezisukumia kwenye kona na ndiyo kosa. Meza iwe katikati ya ukuta mmoja, spika zisogee mbele kidogo, na zile kona zijazwe kitu kinene, laini, kutoka chini mpaka juu. Akasema nikitaka atakuja Jumamosi tuifanye pamoja.

Nimetembea mpaka nyumbani nikilitafakari neno hilo. Mshindani wako hakupi siri kirahisi hivyo. Kuna siri nyingine nyuma yake. Mtu huyu anataka niharibikiwe.

Kwa hiyo nimefanya kinyume. Spika nimezidi kuzisukuma kwenye kona mpaka zikagota.

Alhamisi, 6 Machi

Vioo vya dirisha vinatetemeka. Kikombe changu kimetembea chenyewe mezani mpaka kikaanguka.

Dada akafika saa nne na shemeji. Alivaa lile vazi lake la kuimbia harusini, la zambarau. Nilimuuliza kwa nini ajipambe na hakuna atakayemwona. Akasema wimbo utajua.

Sikuweza kumrekodi. Nyaya zote nilikuwa nimezing'oa, ziko sakafuni zimefungana kama utumbo. Nikamwomba anipe mpaka Jumamosi. Hakulalamika. Alikaa kwenye ngazi ya mlangoni, akanywa maji yake ya vuguvugu, akawa anauimba wimbo ule chinichini, mdomo umefungwa.

Shemeji yangu ni fundi wa malori, mtu wa maneno machache. Akanivuta pembeni, akauliza kama maikrofoni imeharibika. Nikasema nzima. Akauliza kama mashine ya kurekodia imeharibika. Nzima pia. Basi shida ni nini? Nikamwambia shida ni besi.

Kisha akasema: "Shemeji, mke wangu sauti yake ni nyembamba. Besi ya nini?"

Nikamjibu kwamba yeye ni mtu wa malori na mambo haya hayajui. Akaniitikia kwa kichwa. Akaenda kukaa na mkewe kwenye ngazi, akamshikia chupa ya maji.

Swali lake limenikera mpaka jioni. Limenikera kwa sababu halina adabu ya kitaalamu.

Ijumaa, 7 Machi

Magodoro.

Kitu kinene, laini, kama alivyosema Sikio. Lakini si kwenye kona, nisije nikaonekana nimemfuata. Kila mahali! Ukutani, mlangoni, dirishani. Nimechukua la kwetu, la watoto, na la mama mkwe, aliyekuja kututembelea na ambaye wakati huo alikuwa bafuni.

Nikajifungia ndani. Ukimya wa ajabu. Nikasema neno moja, halikurudi. Nikakohoa, kikohozi kikafia mdomoni. Nikajiona kama nimewekwa ndani ya mkate. Jasho likaanza kunitiririka mpaka kwenye soksi.

Nikawasha spika. Sauti zote nyembamba zimekufa: hakuna kayamba, hakuna herufi "s". Besi peke yake ndiyo iliyosalimika.

Nilipotoka kutafuta hewa, mama mkwe alikuwa amekaa wima kwenye chaga tupu za kitanda, mkoba mapajani, kama abiria. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba. Hakutia neno jingine. Angenitukana ningepona.

Mke wangu akaingia, akayabeba magodoro moja moja, naye hakutia neno. Wana ukoo mmoja wa kunyamaza.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Asubuhi nilipata mwanga. Nimesoma kwamba chumba chenye pande zilizo sawa ndicho kibaya kuliko vyote, maana sauti inagonga huku na huku na kujirudia. Changu kimelingana pande zote kama boksi. Kumbe adui si besi, adui ni ukuta! Ukuta ule unaotenganisha mitambo na chumba cha kuimbia. Nikaazima nyundo kubwa.

Nilikusudia kupunguza kidogo tu, upande mmoja. Lakini ukuta ukishaanza hauna kidogo. Tofali la tatu likashuka na wenziwe. Nikasikia mngurumo, nikaruka nyuma, na nilipofungua macho vumbi lilikuwa limejaa mpaka mikono yangu siioni. Sasa sina chumba cha mitambo wala sina chumba cha kuimbia. Nina ukumbi.

Na katikati ya vumbi hilo mlango ukafunguliwa. Dada. Vazi la zambarau.

Alianza kukohoa. Kikohozi kile sitakisahau. Alijishika shingo kwa mikono miwili, palepale kwenye uvimbe, akainama, na kila alipovuta pumzi akavuta vumbi langu. Mimi nimesimama na nyundo. Mke wangu ndiye aliyekimbia, akamfunika uso kwa khanga, akamtoa nje. Nikamsikia akimwambia: "Twende, wifi. Twende kwa watu wenye akili."

Wamekwenda kwa Sikio.

Nimekaa juu ya matofali kutwa nzima. Hakuna aliyeniita kula.

Jumapili, 9 Machi

Jana Dada hakuweza kuimba, koo lilikuwa limekauka. Sikio alimwambia apumzike, arudi leo. Habari hizi nimepewa na mama mkwe, ambaye ameanza kusema nami tena, kwa sentensi fupi.

Nikaenda. Nia yangu ilikuwa kusimamia mambo yasiharibike. Nilipofika juu ya ngazi, mlango ulikuwa umefungwa na taa nyekundu inawaka. Nikasubiri kwenye korido pamoja na shemeji. Tulipishana macho. Nikasema pole. Akasema haina neno, kisha akanisogezea nusu ya benchi.

Taa ilipozimika Sikio akafungua, akaniona, akaniita ndani. Akainuka kwenye kiti chake akanikalisha mimi. Akasema kazi hii yafaa asikilize mdogo mtu.

Dada akaimba tena, nyuma ya kioo, macho amefumba. Anamwambia mama kwamba ule mlango aliokuwa akiufunga kwa kamba sasa una kitasa, na watoto wamekua, na yeye Dada bado akisikia mtu anapiga chafya kama ya mama mtaani hugeuka. Basi. Wimbo wenyewe ni huo. Kila neno lilinifikia kama limewekwa kwenye kiganja. Nilisikia mpaka pale sauti ilipokwaruza kidogo kwenye jina la mama, na nikajua ni vumbi lile.

Nililia. Nalikiri hilo kwa kuwa hakuna atakayesoma hapa. Sikio alijifanya anarekebisha waya.

Dada akatoka, akanishika kichwa kama tulivyokuwa wadogo, akauliza: "Umesikia?"

Nikamwambia ni mzuri, ila pale katikati pangepunguzwa kidogo.

Akacheka mpaka akakohoa.

Jumatano, 12 Machi

Hospitali. Wamemwingiza asubuhi. Tumekaa kwenye korido, mimi, mke wangu na shemeji. Shemeji alikuwa anausikiliza ule wimbo kwenye simu, kwa kipokea sauti cha sikio moja. Baadaye akanipa kingine. Tukakaa hivyo, waya umetuunganisha kama ng'ombe wawili wa jembe. Ukiisha anaurudisha.

Nikagundua korido ile ina mwangwi wa kutisha. Kuta tupu, sakafu tupu, dari juu kabisa. Nikapiga kofi moja dogo, kupima tu. Nesi akatokea. Alinitazama juu mpaka chini, akauliza nina furaha gani. Mke wangu akamwambia anisamehe, ndivyo nilivyo nikiogopa. Sikujua kuwa analijua hilo.

Daktari akatoka alasiri. Uvimbe umetoka wote, na si ule ugonjwa mbaya tulioogopa kuutaja. Sauti, tusubiri.

Tuliruhusiwa kumwona. Bandeji shingoni, mdomo mkavu. Alikatazwa kusema. Akaninyooshea kidole, kisha akapiga kofi la kimya, viganja bila kugusana. Alikuwa amenisikia wakati usingizi unamtoka, au nesi kamsimulia. Shemeji akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akatoka nje haraka kufuta macho.

Jumapili, 30 Machi

Mambo mengi yamefanyika. Mwashi amejenga upya ukuta, safari hii umekaa upande kidogo. Sikio alikuja na shemeji, wakaisogeza meza katikati ya ukuta, spika wakazileta mbele, kona wakazijaza marobota ya pamba mpaka juu. Mimi nilisimamia. Ukweli usemwe: chumba kimetulia. Bendi ile imerudi, wimbo wao mpya umepigwa kwenye gari na besi ipo. Nimewaeleza watu namna nilivyoufikia mpango huu kwa uchunguzi wangu binafsi. Sikio alikuwepo, akakubali kwa kichwa. Mtu mgumu kumwelewa.

Na Dada anasema! Sauti imerudi, lakini si ileile. Imeshuka. Nzito, yenye mikwaruzo, kama gunia linaburutwa kwenye zege. Tulipoisikia mara ya kwanza, mama mkwe akainamisha macho. Dada mwenyewe akasema basi, mwanaume mpya kaingia nyumbani. Watoto wake wanamwomba awasimulie hadithi za zimwi, zinatisha zaidi.

Leo kaja amevaa vazi lake la zambarau. Anataka kuuimba wimbo wa mama kwa sauti hii mpya, wanawe wawe nazo zote mbili. Tena kaniambia anataka iwe kwangu, si kwa Sikio.

Ameingia chumba cha kuimbia, kajaribu mstari mmoja. Mimi nikiwa kwenye kiti changu, chumba kizuri, spika mbele, nywele zimenisimama.

Halafu nikakisikia. Kitu kidogo sana, juu. Kinarudi kutoka darini.

Mke wangu anasema hasikii chochote. Shemeji hasikii chochote. Nimemwomba Dada asubiri kidogo tu, akae na wifi yake. Ngazi nimeshaileta, na ubao wa kwanza wa dari umekubali kung'oka kirahisi kuliko nilivyodhani.